Kauli ya Kungwi

Chole, Kisarawe
3 Machi 2024

Shangazi yangu Kudra,

Shikamoo. Naandika nikitumaini uko mzima hapo Mkuza na goti lako limepoa. Sisi huku tupo. Bibi mzaa mama amepona kikohozi. Mikorosho ya Yahya imeshapogolewa, na mihogo ya bondeni imechipua vizuri. Barua hii anaibeba Bi Tatu, jirani yetu anayepeleka mikeka Mlandizi. Atamwachia Mama Dotto wa Janga, naye atakufikishia akija Kibaha. Nakuomba usinipigie simu. Simu yangu anayo mume wangu, ananihifadhia. Jibu lako lipite njia hiyohiyo.

Nina swali la mwenzangu mmoja hapa Chole. Nilimwambia wewe ni karani wa baraza la usuluhishi wa ndoa huko Kibaha, kwa hiyo mambo haya unayajua. Anataka kujua sheria inaposema ukatili wa mume kwa mke, inasema kitu gani hasa. Ukatili unaanzia wapi? Anauliza kwa sababu hajui kama alicho nacho kina jina. Ameniomba nisimtaje.

Kama una kazi nyingi usijisumbue, si jambo la haraka.

Mwanao, Naila


Mkuza, Kibaha
29 Machi 2024

Naila mwanangu,

Marahaba. Barua yako imetumia wiki tatu kutoka Chole, hata mtu wa miguu angefika, akala, akarudi. Goti ni lilelile, likisikia mvua linaanza kulalamika kabla yangu. Mfungo unakwenda vizuri. Jirani yangu Eugenia, yule Mchaga wa halmashauri, ananiletea uji kila magharibi na kunihimiza nile, utadhani yeye ndiye aliyefunga. Paka amezaa kwenye kabati la nguo zangu za sikukuu.

Swali la mwenzako ni jepesi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Basi. Akipigwa aende polisi apewe fomu ya PF3, atibiwe, aje na mashahidi. Hapa ofisini rejista yetu ina safu tano: kupigwa, kutelekezwa, kufukuzwa, ugoni, matunzo. Nimezijaza miaka kumi na minne kwa mkono wangu. Mtu akija na jambo lisilo na safu, mwenyekiti humwambia akatulie, nami hufunga daftari.

Sasa mwulize mwenzako. Amepigwa? Amenyimwa chakula? Ameletewa mwanamke ndani? Kama yote hapana, hana shauri, ana mume tu kama sisi wengine. Akakae kwake, apunguze maneno, apike vizuri. Na kama shida yake ni mume kununa, mwambie wapo wanaoomba usiku na mchana waume zao wanyamaze.

Nakukumbusha na wewe, maana mimi si shangazi tu, mimi ndiye kungwi wako. Siku saba nilikaa nawe ndani nikikufunda kabla sijakukabidhi kwa Yahya. Ulikubali mwenyewe kwamba ya ndani hayatoki mlangoni ila yaje kwangu. Mimi sijasahau, na wewe usisahau.

Msalimie sana Yahya. Mwambie korosho alizonipa mwaka jana zilikuwa safi, nimezila peke yangu bila aibu.

Shangazi yako, Kudra


Chole
2 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mvua ilikata barabara, mikeka ya Bi Tatu ikakaa ndani mwezi na nusu, na barua yako ikakaa Janga kwa Mama Dotto. Nimeipata juzi. Hatukupoteza mtu. Choo kimebomoka na mihogo ya bondeni imeoza. Bibi amerudiwa na kikohozi. Idi njema, ingawa imeshapita.

Mwenzangu nilimpa jibu, ameshukuru. Amesema ni kweli hajapigwa, hajanyimwa chakula na hajaletewa mwanamke.

Ila ameniomba nikuulize haya yanaingia safu ipi. Mumewe hasemi naye. Alianza kwa siku tatu, akaja wiki, na safari hii ni tangu kabla ya mfungo. Akitaka kitu humwambia mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko. Husema, "Wewe mbuzi, chai ya leo haina sukari." Mke anasikia, anaongeza sukari. Wageni wakija husema naye vizuri, humwita mama, hucheka, na yeye hutakiwa acheke. Wakiaga, anarudi kwa mbuzi.

Kisimani amepewa dakika ishirini, na saa iko ukutani. Zikizidi hamgombezi. Anayamwaga maji yote uani, na mke anachukua ndoo anarudi kuchota. Kazi alikuwa nayo, alikuwa anafundisha chekechea. Mume aliandika barua ya kuacha kazi kwa jina lake, akaipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu pamoja na kapu la machungwa. Mwalimu mkuu mpaka leo anamsifu mume huyo kwa adabu.

Wiki iliyopita mke alishika sufuria ya moto bila kitambaa. Hakusikia kitu, alijua kwa harufu. Amesema hilo limemshtua kidogo, zaidi ya hayo mengine.

Siyo kwamba analia. Halii. Nimekuandikia kama ilivyo, sijatia chumvi.

Mwanao, Naila


Mkuza
23 Juni 2024

Naila,

Marahaba mwanangu. Sikukuu ya kuchinja tumeila salama. Eugenia amekula nyama yangu kuliko mimi, halafu akaomba na supu ya kwenda nayo. Paka wale wamekuwa wanne na wote wana sura ya fundi baiskeli wa hapa mtaani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya nne niliisomea ofisini, na rejista ikiwa wazi mbele yangu. Nilikuwa natafuta safu kweli, kwa kidole. Sikuiona. Nikamfuata Laurensia, binti wa ustawi wa jamii anayekaa chumba cha pili, nikamsomea bila kutaja mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Kudra, hizo safu mlizichora nyie kwa rula. Sheria haikuchorwa hivyo."

Akaniambia hakuna sheria moja yenye jina la ukatili wa majumbani, imetawanyika. Kupiga na kujeruhi kuko kwenye Kanuni ya Adhabu. Lakini Sheria ya Ndoa hiyohiyo ninayojidai nayo, kifungu cha 107, inataja mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika kabisa. Mojawapo ni ukatili, uwe wa mwili au wa akili. Nilimwambia arudie. Wa akili. Imeandikwa tangu 1971, mimi nikiwa sijaanza shule, na kitabu chenyewe kiko kwenye kabati ninalowekea mwavuli wangu.

Kwa hiyo nilikosea. Mwambie mwenzako nilikosea.

Laurensia anasema mahakama haiwezi kupokea ombi la talaka mpaka baraza lijaribu kwanza kusuluhisha, na likishindwa litoe hati ya kusema limeshindwa. Basi aanzie kwenye baraza la huko kwenu. Aandike matukio na tarehe zake, kila analokumbuka, hata dogo.

Mkono wake umepakwa dawa? Na huyo mwenzako anaitwa nani?

Kudra


Chole
17 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Watu wameanza kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kijiji kizima kinanuka.

Mwenzangu anaitwa Naila. Nadhani ulijua.

Mkono umepona. Ngozi imebaki ngumu, kushika vitu nashika.

Yahya alipokwenda Mkuranga kufuata salfa ya dukani kwake, nilikwenda na Bi Tatu kuandikisha lalamiko. Wito umeshamfikia. Tumeitwa tarehe 1 Agosti, saa nne asubuhi. Nikipewa hati nitakwenda mahakamani. Nisipopewa nitarudi naye nyumbani siku hiyohiyo.

Sasa kuna jambo moja. Barua zako huzisomea kwa Bi Tatu na kuziacha kwake. Ile ya Machi tu niliichukua nyumbani, nikaiweka kwenye kopo la unga. Niliona haina hatari, kwa kuwa ilikuwa inaniambia nitulie. Yahya ameipata. Hakukasirika. Alinikalisha, akanisomea yote kwa sauti, mpaka pale unapomsifu kwa korosho. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu Februari, na maneno yenyewe yalikuwa yako.

Kisha akaipeleka mjini ikavalishwa plastiki ngumu kama kitambulisho. Ataitoa mbele ya baraza. Wazee wa huku unawajua, mwali hasikilizwi kabla ya kungwi wake. Watauliza kungwi anasemaje, na kauli yako anayo mfukoni.

Njoo uwaambie ulichoniambia Juni. Hicho tu.

Naila


Mkuza
2 Agosti 2024

Naila mwanangu,

Natumaini mmerudi salama jana. Goti lilikataa kabisa asubuhi ile. Nilikuwa nimeshajiandaa, na kanga ya kuvaa nimeshaipiga pasi, lakini kushuka tu ngazi za barazani nikaona siwezi. Halafu gari za asubuhi nazo zinajaa, na karani wa baraza moja kwenda kusimama kwenye baraza jingine, mwenyekiti wangu asingependa. Sijui kama nimefanya vibaya.

Eugenia amepata mjukuu wa kiume, wamemwita Godbless. Amenizungusha mtaa mzima, yeye na simu yenye picha. Nimekutumia dawa ya kikohozi ya bibi na sabuni mbili.

Walisemaje?

Nilikaa na marehemu Kibwana miaka kumi na tisa, hakuwahi kunipiga hata kofi moja. Nilikuwa najisifu kwa hilo mbele ya wanawake wenzangu. Sijui kwa nini nakuandikia haya leo.

Kudra


Chole
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sabuni na dawa vimefika. Bibi anakusalimu. Hongera kwa Eugenia.

Walisema hivi. Yahya alivaa kanzu, akawasalimu wazee mmoja mmoja. Aliitoa barua yako, akaomba asomewe na karani ili isionekane anatia maneno yake. Karani alipofika pale pa wapo wanaoomba waume zao wanyamaze, wazee walicheka, na Yahya akacheka kidogo. Mwenyekiti alisema, "Kungwi wake mwenyewe kasema hana shauri."

Niliwapa na ile ya Juni. Waliisoma. Mzee mmoja akasema hiyo ni ya kitabuni, ile ya kwanza ndiyo ya mzazi.

Mwingine aliuona mkono wangu, akauliza kama Yahya amenichoma. Nikasema hapana, nilijichoma mwenyewe. Niliona wamepumua. Baadaye nilifikiri kwamba ningesema ndiyo mambo yangekwisha palepale. Halikunijia wakati ule. Siku hizi mambo hunijia yamechelewa.

Hawakunipa hati. Wamesema tukae mwezi mmoja tujaribu, turudi tarehe 5 Septemba, na kungwi aletwe aseme kwa kinywa chake, kama yupo. Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani alininunulia soda kwa kuwa tulikuwa na watu. Tulipofika alikwenda nyuma ya jiko, akamwambia mbuzi, "Umeona?"

Mama Dotto alipita kwako ile tarehe moja. Amemwambia Bi Tatu alikukuta umekaa kitandani, umevaa, na mkoba umeukumbatia, na ulisimama vizuri ukamchemshia chai. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba nimejua.

Nilipokuwa darasa la tano nilikaa kwenu likizo nzima. Nakumbuka nyumba yenu ilikuwa kimya sana, nikadhani ndivyo nyumba za watu wazima zinavyokuwa. Sitakuuliza kitu.

Safari hii usipokuja sitaandikisha tena. Siyo kwa hasira. Sitakuwa na sababu ya kutoka na ndoo kama anayekwenda kisimani, kisha nishike njia ya barazani.

Naila


Chole, kwa Bi Tatu
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kwa Bi Tatu, kwenye chumba chake cha mikeka. Bibi anaendelea vizuri. Simu ninayo sasa, ya Bi Tatu, lakini nimezoea kukuandikia.

Hati nimeichukua jana. Imepigwa mhuri, inasema baraza limejaribu kusuluhisha na limeshindwa. Nitaipeleka mahakamani, na Laurensia amesema kwa simu atanielekeza namna ya kuandika ombi. Yahya hajaja hapa. Amepita barabarani mara mbili na baiskeli, amemsalimu Bi Tatu, mimi hakuniona, au ameniona. Nilitarajia nikishika hati nitafurahi. Nimeishika, nimeisoma, nimeiweka chini ya godoro. Bi Tatu ananiambia nile. Nakula.

Nauliza jambo moja. Ile tarehe tano walikuita ndani, mimi wakaniambia nikakae nje chini ya dirisha la ofisi, kwa kuwa mwali hakai kungwi wake akisema ya ndani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Ulikaa humo karibu saa nzima. Yahya alitoka kabla yako, akafungua baiskeli, akashindwa kuipanda mara ya kwanza. Halafu ukatoka wewe. Ulinipita, ukanishika bega bila kuniangalia, ukaenda moja kwa moja kituo cha basi kwa goti hilohilo. Nilipoingia wazee walikuwa hawanitazami. Mwenyekiti alisema nirudi baada ya siku tisa kuchukua hati, na yule mzee wa ya kitabuni akanivutia kiti.

Uliwaambia nini?

Naila


Mkuza
29 Septemba 2024

Naila mwanangu,

Marahaba. Namba ya Bi Tatu ninayo, ningeweza kukupigia. Lakini kwa simu nitaanza kutania, najijua, na mpaka tumalize sitakuwa nimesema kitu. Hapa nyumbani niko peke yangu, paka nimewagawa wote, na Eugenia nimemwambia ninaumwa kichwa.

Kwanza goti. Lile la tarehe moja halikuwa goti. Nilivaa, nikakaa kitandani, nikakaa mpaka adhuhuri. Niliogopa. Nisamehe kwa hilo, na kwa mwezi mzima ulioongezewa kwa ajili yangu.

Tarehe tano walinipa barua yangu ndani ya plastiki yake, wakaniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Mwenyekiti akasema basi, kungwi amemaliza. Nikasema sijamaliza. Nikawatajia kifungu cha 107, ukatili wa mwili au wa akili. Yule mzee akaniambia ya kitabuni walishasomewa, wao wanataka kauli ya mtu mzima aliyekaa ndani ya ndoa. Akaniuliza, "Mume akinyamaza kwake, sheria inataka aimbe?" Wakacheka, na Yahya naye. Zamani ningecheka pamoja nao. Nimecheka na wazee kama wao miaka kumi na minne, na daftari mkononi.

Nikawaambia ndani ya ndoa nimekaa. Wawili kati yao walimjua Kibwana, walikuwa wakinunua naye ng'ombe, mtu wa watu, mcheshi. Nikawaambia miaka saba ya mwisho huyo mcheshi hakusema nami. Hatukugombana. Hakuna siku ninayoweza kuitaja kwamba ilianzia hapo. Nilipika, alikula. Nilifua, alivaa. Mtu akibisha hodi anakuwa mume, mtu akiondoka nakuwa sipo. Nilifika mahali najisemesha mwenyewe jikoni ili nijue kama sauti bado inatoka.

Nikawaambia zile siku saba nilizokaa na Naila ndani, sikumfunda kukaa na mume. Nilimfunda kukaa na Kibwana, maana ndicho nilichokuwa nakijua. Na barua ile sikuiandika kwa kutojua sheria tu. Niliposoma swali lake nilijua siku ileile mwenzake ni nani. Nilimjibu vile kwa sababu kama yake ni ukatili, basi na yangu ilikuwa, na mimi sikutaka iwe. Yahya alikuwa ameacha kucheka. Mwenyekiti alimwambia atoke, naye akatoka.

Yule mzee akaniuliza polepole, hata alipougua? Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamwambia siku aliyofariki tulikuwa wodini, nimemshika mkono tangu alfajiri. Nesi alikuwa upande wa pili wa kitanda. Kibwana akafumbua macho, akaniangalia mimi, kisha akageuka akamwambia nesi, "Mwambie huyo mama anipe maji." Nesi akaona aibu, akaniambia. Nikampa.

Karani wao, binti mdogo, alikuwa ameacha kuandika. Mwenyekiti akamwambia aandike, kisha akaniuliza kwa utaratibu wa baraza, iingie kwenye kumbukumbu, kama mimi Kudra ninasema kwamba ule ulikuwa ukatili.

Nikasema ndiyo.

Shangazi yako,
Kudra